Sikio la Kushoto la Bundala

Nyumbani kwetu Somanda, mjini Bariadi, siku huanza na mlio wa cherehani. Mkwe wangu Kabula hushona sare za shule, na cherehani yake huamka kabla ya jogoo. Mimi hukaa mlangoni kwenye kigoda. Natafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa. Naangalia bodaboda zinazopeleka watu hospitalini, nakisia nani anaumwa nini. Kazi hii hainilipi, lakini sijawahi kuchelewa kufika.

Mimi ni Minza. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Kalamu haikunishinda. Ilinishinda pamba, maana nayo ilitaka kupaliliwa.

Nina mtoto mmoja tu, Ngassa, mume wa Kabula. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ni mtu mpole, na ana miaka zaidi ya arobaini. Huvaa kofia ya sufu, kiangazi na masika. Jua la Bariadi linaweza kukaanga karanga juu ya bati, lakini Ngassa atakuwa na sufu mpaka shingoni. Wageni humuuliza kama anaumwa. Sisi wa nyumbani hatuulizi.

Sebuleni kuna kompyuta. Kabula aliinunua ikiwa imetumika, kutoka ofisi moja iliyokuwa inabadilisha vifaa. Anaitumia kutunza vipimo vya wateja na kuchora beji za shule. Ameifunika kwa kitambaa cha kufuma. Ukiingia ghafla unadhani kuna bibi harusi amekaa kwenye kona.

Jumapili moja Ngassa alikaa karibu yangu na picha mkononi. Niliijua picha ile. Ni ya baba yake, Bundala, mume wangu. Mpiga picha mmoja alipita kijijini kwetu Nkololo msimu wa pamba akampiga. Hiyo ndiyo picha pekee aliyopigwa maishani. Baadaye lori la pamba lilipinduka, naye alikuwa juu ya magunia. Ngassa alikuwa tumboni, miezi sita.

Ngassa alipokuwa anatambaa, mchwa waliingia kwenye sanduku langu. Walikula shavu la kushoto la Bundala na sikio la kushoto. Wakaacha vifungo vya shati. Mchwa hawana adabu, lakini wanajua kuchagua.

"Mama," alisema Ngassa, "mwezi wa nane nataka tulijengee kaburi la baba kule Nkololo. Tuweke marumaru. Fundi anasema anaweza kuweka na picha juu yake."

"Ni jambo jema, mwanangu."

"Lakini picha ni nusu. Tangu nizaliwe namwona baba nusu. Nataka nimwone mzima."

Akaendelea.

"Ndugu zake wote wamekufa. Watu wa rika lake walihama na ng'ombe, wakaenda Katavi, hatujui walipo. Anayemjua umebaki wewe tu. Na wewe macho yanakwenda."

Hapo alisema kweli. Daktari wa macho aliniambia nina presha ya macho. Alisema bora nikose chakula kuliko kukosa dawa ya matone. Macho yaliyokwisha kupotea hayarudi, ila dawa inayalinda yaliyobaki. Siku hizi naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Katikati kuna mwanga, pembeni ni giza.

"Basi tufanye haraka," nikamwambia, "kabla tundu halijazibwa."

Kwanza Ngassa alipeleka picha kwa bwana mmoja mjini anayetengeneza picha. Baada ya siku tatu alirudi na picha mpya, kubwa, inang'aa. Nilimwona mtu mweupe kama unga wa muhogo. Alikuwa amevaa suti na tai. Nyuma yake kulikuwa na maporomoko ya maji.

"Huyu nani?" niliuliza.

"Ni baba," alisema Ngassa, lakini sauti yake ilikuwa inauliza.

"Baba yako alivaa tai lini? Hata kamba ya ndama alikuwa anaifunga, inafunguka."

Kabula aliichukua picha, akaisogeza dirishani. "Mama, huu uso si wake. Yule bwana ameutoa kwa mtu mwingine, akaubandika hapa."

"Basi mwenye uso wake anautafuta," nikasema.

Ngassa hakucheka. Aliigeuza picha, akaiweka kifudifudi juu ya kabati. Nikajua limemuuma.

Siku ya pili alirudi kutoka kazini na flashi mfukoni. Alipewa na Sylvester, mwenzake wa mizani pale kiwandani.

"Sylvester anasema hii ndiyo programu ya kuhariri picha wanayotumia mabingwa," alieleza. "Dukani inalipiwa kila mwezi. Hii imevunjwa kufuli. Haidai chochote."

"Nani kaivunja kufuli?" aliuliza Kabula.

"Sylvester hajui. Naye alipewa. Ila kasema lazima kwanza tuzime ulinzi wa kompyuta. Usipozima, programu haiingii."

Kabula alisita. Ngassa akaiweka, maana alikuwa na haraka ya kumwona baba yake.

Programu iliingia vizuri sana. Wageni wabaya wote huingia vizuri. Siku mbili kompyuta ilikuwa nzito kama punda aliyelowa mvua. Ya tatu ilianza kutangaza michezo ya kamari yenyewe, bila kuombwa. Ya nne, Kabula alifungua faili la vipimo vya wateja. Halikufunguka. Akafungua beji. Hazikufunguka. Kila kitu kilikuwa kimebadilishwa jina, na kwenye kioo kulikuwa na maandishi yanayotaka malipo.

Kabula alikaa akatazama kioo. Vipimo vya watoto tisini vilikuwa humo, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

"Kofia hiyo haikukupa joto la kutosha la akili," nilimwambia mwanangu. Baadaye nilijuta, maana alikuwa anajisema mwenyewe kuliko mimi.

Jirani yetu wa tatu ni Philomena. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, pale njia ya kwenda hospitali. Alisomea chuo cha ufundi. Ni mwembamba, na mikono yake haitulii, hata akiwa anakunywa chai atakuwa anafungua skrubu ya kitu. Alikuja jioni ile ile, jua likiwa bado lipo.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu. Hiyo ni salamu yetu ya Kisukuma ya asubuhi, na mayu ni mama.

"Mwanangu, sasa ni saa kumi na moja."

"Sijaamkia mtu leo, nilikuwa na kazi. Pokea tu, inadaiwa."

Nilimpenda papo hapo.

Alitazama kompyuta kwa muda, kisha akageuka. "Ngassa, kaka yangu. Mnadani ukimkuta mtu anauza fahali mzuri kwa bei ya mbuzi, na anataka umpokee haraka kabla watu hawajafika, utanunua?"

"Hapana. Huyo wa wizi."

"Na akikwambia ufungue zizi usiku, umfunge mbwa kwanza?"

Ngassa alishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi. "Hapana."

"Ndicho ulichofanya. Programu iliyovunjwa kufuli ni ng'ombe wa wizi. Mara nyingi anakuja na ugonjwa wake. Na kuzima ulinzi ni kumfunga mbwa. Programu ya halali haikuombi umfunge mbwa."

Ilibidi Philomena aifute kompyuta yote na kuiwekea mfumo upya. Vipimo vilipotea. Kabula alirudi shuleni na futi yake, akawapima watoto tisini mara ya pili. Alisema watatu walikuwa wameshanenepa, kwa hiyo si hasara yote.

Kompyuta ilipopona, Ngassa aliuliza kwa sauti ndogo. "Sasa tufanyeje? Ile ya kulipia kila mwezi hatuiwezi."

"Nani alikwambia lazima uilipie?" alisema Philomena. "Kuna za bure. Bure ya halali."

"Bure ya halali ikoje?" niliingilia. Mimi kitu cha bure huwa nakikagua meno.

"Kuna programu inaitwa GIMP. Imeandikwa na watu wengi, wa nchi nyingi, wengi wao kwa kujitolea. Huyu anatengeneza hapa, yule anarekebisha pale. Kisha wanaitoa. Wameandika wenyewe kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake."

"Wanapata nini?"

"Wengine wanachangiwa na watu. Wengine wanapenda tu kazi yenyewe."

Nilifikiri. Zamani kwetu watu walikuwa wanalima kwa zamu. Leo shamba langu, kesho lako. Ukiwa mgonjwa, wanakulimia hata kama huwezi kuinua jembe. Lakini hao walikuwa wanakufahamu. Hawa wa Philomena hawajui hata kama Somanda ipo, na wametulimia. Nilivua ushungi wangu kidogo kwa heshima yao, ingawa hawakuniona.

Philomena aliwasha intaneti ya simu yake. Akamwita Kabula akae mbele.

"Andika wewe mwenyewe. Gimp, nukta, org. Usitafute tu na kubonyeza kitakachotokea. Kuna tovuti za uongo zenye kitufe kikubwa kilichoandikwa pakua, na ndani yake mna takataka zingine. Nenda kwa wenyewe."

Kabula aliandika kwa kidole kimoja. Wakati programu inashuka, Philomena aliendelea kueleza.

"Ikiwa kompyuta yako ni dhaifu sana, kuna nyingine ndogo, Paint.NET. Nayo ni bure kwenye tovuti yao. Ukiwa na intaneti tu na hutaki kuweka kitu, kuna Photopea. Hiyo inafanya kazi ndani ya kivinjari, palepale unapofungulia tovuti. Itakuonyesha matangazo, usiyabonyeze."

"Na zile wanazosema jaribu bure?" aliuliza Kabula.

"Soma vizuri. Kujaribu bure ni siku chache, halafu inadai. Usiipe namba ya kadi wala ya simu kabla hujajua siku zinaisha lini."

Kabula aliandika yote kwenye daftari la vipimo, chini ya jina la mtoto mwenye kiuno cha inchi ishirini na mbili.

"Picha yenyewe msiipige kwa simu," alisema Philomena. "Itapata mng'ao. Ipelekeni wanaposkani. Mwambieni fundi askani kwa nukta mia sita kwa inchi, ili kila mkunjo uonekane. Kisha picha ya karatasi mwirudishe kwenye bahasha, na bahasha kwenye kopo la bati."

"Mchwa wasikie hiyo," nilisema.

"Na faili la kwanza msiliguse kamwe. Nakilini, mfanyie kazi nakala. Nakala nyingine ikae kwenye flashi, mbali na kompyuta."

Wiki ile nilianza kumwona mkwe wangu kwa macho mapya, na macho yenyewe yalikuwa machache. Asubuhi alishona. Mchana, mwanga ukiwa mzuri, aliketi mbele ya kompyuta. Siku ya kwanza alimfuta Bundala pua. Siku ya pili alimrudishia mbili. Ya tatu aliacha kuogopa.

"Mama, njoo uone," aliniita. "Hiki wanakiita mhuri. Unachukua ngozi nzima kutoka hapa, unaigonga pale penye doa. Ni kama kiraka. Kitambaa cha kiraka unakikata kwenye pindo la suruali ile ile, ili rangi isikatae."

"Nani kakufundisha?"

"Philomena kanionyesha mhuri. Kiraka nilikuwa nakijua."

Kisha akanionyesha matabaka. Kila anachoongeza anakiweka kwenye tabaka lake, juu ya picha, kama nailoni inayopitisha mwanga. Picha ya chini haiguswi. Aligusa kialama cha jicho kando ya jina la tabaka, kiraka cha paji la uso kikatoweka, mikunjo ikarudi. Akagusa tena, kiraka kikarudi.

"Ni sawa na khanga juu ya gauni," alisema. "Ukiivua, gauni lipo vilevile. Ila lazima nihifadhi kwa faili la GIMP lenyewe, lile linaloishia na xcf. Nikihifadhi kama picha ya kawaida, khanga inashonewa kwenye gauni moja kwa moja."

Mwanamke huyu alikuja kwangu hajui kuwasha jiko la mkaa. Nilimtania kwa hilo mwaka mzima. Siku ile niliona haya kidogo, nikamletea matobolwa bila kuombwa.

Sehemu ngumu ilikuwa upande wa kushoto, ulioliwa na mchwa. Kwanza Kabula alichukua upande wa kulia, akaugeuza, akaubandika kushoto. Akatokea mtu aliyelingana kila mahali. Alitisha.

"Kama amekatwa kwenye karatasi iliyokunjwa katikati," alisema Kabula. "Hakuna mtu wa namna hii. Nimepima watu miaka kumi na tano. Hakuna hata mmoja mwenye mabega sawa. Mama, sasa ni wewe. Niambie upande huu ulikuwaje."

Aliisogeza picha kwenye kioo, kipande kwa kipande, mpaka kila kipande kikaingia kwenye tundu langu la kuonea. Jicho. Shavu. Taya. Pale pa sikio palikuwa peupe.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosa.

Nilijikuta ndimi shahidi pekee. Hakuna wa kunibishia. Shahidi wa namna hiyo hupata kiburi.

"Shavu lilikuwa laini," nilisema.

Halikuwa laini. Lilikuwa na kovu la mwiba wa mgunga, refu kama kiwavi.

"Alikuwa anatabasamu daima," niliongeza.

Bundala hakutabasamu ovyo. Kwenye picha ile alikuwa amenuna, kwa sababu mpiga picha alimkanyaga.

"Na sikio, mama?"

"Dogo," nilisema. "Limelala vizuri kichwani. Sikio la mtu mstaarabu."

Kabula alifanya kazi mpaka Jumapili. Kila nilichosema alikiweka kwenye tabaka lake. Jumatatu fundi wa marumaru alikuwa anataka picha. Jumapili mchana Kabula alimwita Ngassa.

Ngassa alikuja na kofia yake. Alisimama nyuma ya kiti. Kwenye kioo kulikuwa na baba yake, mzima, na shati la vifungo vyake, na shavu laini, na tabasamu, na sikio dogo. Nilijisifu moyoni. Bundala hajawahi kupendeza hivyo, hata siku ya harusi yetu.

Ngassa alitazama muda mrefu.

"Umefanya kazi kubwa, Kabula," alisema mwishoni. "Wabeja. Asante sana."

Kisha akasema polepole, "Mzuri sana baba. Hafanani na mimi hata kidogo."

Akatoka nje. Nikasikia anamwaga maji, anaosha pikipiki ambayo aliiosha asubuhi.

Nitawaambia habari ya sikio. Ngassa alizaliwa na sikio la kushoto lililosimama nje, kama mshikio wa kikombe. Shuleni walimwita Kikombe. Alirudi analia, akaniuliza, "Mama, hili sikio ni la nani?" Ningesema kweli pale pale. Lakini nilikuwa mjane kijana. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia baba mzuri asiye na dosari, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa. Basi nikatania. Nikasema, "Hilo ni la mjomba wako Maduhu, yule mlevi wa Mwandoya." Mtoto akaamini. Mwaka huohuo alianza kuvaa kofia.

Utani ule ulikaa miaka thelathini na mitano. Ulikuwa na afya kuliko mimi.

"Namtumia fundi sasa hivi," alisema Kabula. Alikuwa ameshaandika namba yake.

"Usitume," nilisema.

"Kuna kosa, mama?"

"Kosa ni mimi. Mkwe wangu, nimekudanganya."

Kabula aligeuka kwenye kiti. Nilimweleza kovu. Nilimweleza kununa. Nilipofika kwenye sikio, nilimweleza taratibu, na habari ya Maduhu yote. Nilidhani atanikasirikia. Alikuwa na haki.

"Kazi ya wiki nzima," nilisema. "Nimeiharibu."

"Hujaharibu kitu." Alirudi kwenye kioo. "Uongo wako wote uko kwenye matabaka. Angalia."

Aligusa, tabasamu likaondoka. Bundala akanuna. Aligusa tena, shavu laini likaondoka. Aligusa mara ya tatu, lile sikio la mtu mstaarabu likapotea kama halijawahi kuwepo. Ingekuwa ni maisha, mtu angelipa fahali kumi kwa kialama kile.

"Sasa nahitaji sikio la kweli," alisema.

"Basi mwite mwenye nalo."

Ngassa aliingia na mikono yenye sabuni. Nikamwambia akae chini, mbele yangu, pale ninapoweza kumwona.

"Mwanangu, uliniuliza sikio hilo ni la nani. Ulikuwa na miaka saba. Nilikudanganya. Ni la baba yako."

Aliishika kofia yake kwa mikono ile ile yenye sabuni.

"Lilisimama vilevile. La kushoto tu, kama lako. Wasichana wenzangu walimcheka, wakasema nitaolewa na kikombe. Mimi nilimchagua na sikio lake. Usiku wa baridi nililishika ili nipashe vidole joto. Ulipozaliwa nililiona, nikalia, maana nilijua hajaondoka wote."

Ngassa alitazama chini. "Na mjomba Maduhu?"

"Mjomba wako alikuwa na masikio mazuri kama ya ng'ombe wa maonyesho. Alikufa bila kujua kosa lake. Nitamwomba radhi tukikutana."

Kabula aliangalia ukutani, mabega yakimtikisika. Ngassa alimwona. Naye akaanza kucheka, kidogo kidogo, kisha akafuta uso kwa mkono wenye sabuni, na sabuni ikaingia machoni. Kwa hiyo hakuna aliyejua machozi yale yalikuwa ya nini, na hatukuuliza.

"Vua kofia, mume wangu," alisema Kabula. "Kaa pale dirishani. Mwanga wa baba ulitoka kulia, na wako utoke kulia."

Ngassa alivua kofia. Kabula alilipiga sikio picha kwa simu, mara nne, na shavu pamoja nalo. Akaziingiza picha kwenye kompyuta. Aliondoa rangi, akabaki na nyeusi na nyeupe. Akalififisha sikio kidogo, ili lisiwe kali kuliko picha ya zamani. Alilipunguza, akalizungusha, akalishonea mahali pake kwa ule mhuri wake. Kovu alilichora kwa maelezo yangu, na safari hii nilisema kweli. Ilichukua mchana wote. Philomena alipita kurudisha bakuli, akasimama nyuma yetu, skrubu mkononi, bila kuifungua.

"Mimi nilikufundisha mhuri tu," alimwambia Kabula. "Haya mengine umeyatoa wapi?"

"Kwenye mikono ya mashati," alisema Kabula. "Mkono ukikataa bega, unaufumua, unaanza upya."

Kisha aliisogeza picha kwenye tundu langu. Jicho lilikuja. Kovu likaja. Taya ikaja. Sikio lilipoingia, vidole vyangu vilipata joto vyenyewe.

"Bundala," nilisema. "Umechelewa."

Ngassa aliinama karibu na kioo. Alimtazama baba yake, na mkono wake ukapanda polepole mpaka kwenye sikio lake mwenyewe.

Kaburi lilijengwa mwezi wa nane, kama tulivyopanga. Watu wa Nkololo walipita mmoja mmoja mbele ya marumaru. Walimtazama Bundala aliyenuna, kisha wakamtazama Ngassa, kichwa wazi juani, na hawakuhitaji kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

Siku hizi majirani wanamletea Kabula picha zao. Nyingine zimelowa, nyingine zimechanika, moja ilitafunwa na mbuzi. Anazitengeneza kati ya sare na sare, kwa programu ileile ya watu wasiotujua. Anatunza picha ya kwanza, anafanyia kazi nakala. Kabla ya kuanza humuuliza mwenye picha, "Nani anamfahamu huyu vizuri, na je, huyo mtu anasema kweli?" Akisema hivyo hunitazama mimi.

Nilimwomba na mimi aniondolee mikunjo kidogo. Akasema kompyuta yetu haina nguvu za kutosha kwa kazi hiyo. Sijui amejifunzia wapi utani.

Kofia ya sufu ipo. Nimeiweka nyuma ya nyumba, kwenye kona yenye kivuli, na kuku wangu mwekundu anaatamia mayai tisa humo ndani.